Meza Zilijaa Jumamosi: Uchambuzi wa Kisa cha Kufungwa kwa Mgahawa wa Hadhi Dar es Salaam

Kuhusu kisa hiki

Mgahawa huu ulikuwa rasi ya Msasani kwa miaka ishirini na ushee, ukafungwa mwaka 2024. Jina lake, mtaa wake na wahusika wake nimewaficha. Tarakimu za mauzo na madeni nimezigeuza kidogo, lakini uwiano wake nimeuacha ulivyokuwa, maana bila uwiano huo hakuna cha kujifunza hapa. Mwenye mgahawa ameridhia kisa kiandikwe. Mimi niliitwa mwanzoni mwa 2024 kupanga hesabu, nikawepo mpaka siku ya kukabidhi funguo.

Ulipofungwa, kila mtu alikuwa na sababu yake tayari. Wengine walisema kodi, wengine korona, wengine migahawa mipya ya Masaki yenye taa za rangi na muziki wa kuziba masikio. Kila sababu ina ukweli wake. Ila vitabu vya mgahawa vinaonyesha njia nyingine, nayo inapita mlango wa nyuma, pale samaki wanapopimwa.

Usuli

Ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika nyumba ya zamani yenye uwanja mpana na mikungu miwili iliyotia kivuli meza za nje. Waanzilishi walikuwa mke na mume. Yeye mama alishika ukumbi: kupokea wageni, kukumbuka majina ya watoto wao, kujua nani hali pilipili. Mumewe alishika fedha na manunuzi. Mara kadhaa kwa wiki alikuwa Feri, soko la samaki la jiji, kabla jua halijapanda, noti mfukoni, amesimama mnadani pamoja na wachuuzi. Wafanyakazi waliwaita Mama na Mzee, nami nitawaita hivyo.

Chakula kilikuwa cha pwani, kimepikwa bila haraka. Kolekole mzima wa kuchoma kwa ukwaju, pweza wa nazi, kamba kochi, kaa wa Rufiji, na wali wa tui la nazi zilizokunwa asubuhi ile ile. Viti vilikuwa 90. Bei haikuwa ya kila mtu: kufikia 2023 mteja mmoja alikuwa anaacha wastani wa Sh65,000 pamoja na kinywaji. Watu walichumbiana pale, wakasherehekea shahada pale, balozi zikaagana na wafanyakazi wao pale.

Wateja walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza walikuja Ijumaa mpaka Jumapili: familia, wachumba, watu wenye sababu ya kusherehekea. Hawa ndio walioupenda mgahawa na kuusimulia. Wa pili walikuja Jumatatu mpaka Alhamisi, mchana na jioni: watu wa miradi ya wafadhili, wanasheria, wakaguzi wa hesabu, watu wa kampuni za madini, washauri waliokuja mjini kuonana na wizara. Hawa hawakuwa na mapenzi makubwa. Walikula, wakachukua risiti ya ofisi, wakarudi wiki inayofuata.

Daftari la ukumbi la 2014 linaonyesha wateja 620 kwa wiki ya kawaida. Kati yao 300 walikuwa wa Ijumaa mpaka Jumapili, na 320 wa siku nne za kazi. Kwa maneno mengine, wale wasio na mapenzi walikuwa wengi kuliko wapenzi.

Mlolongo wa matukio

*Siku za kazi zinanyauka (2015–2019).* Novemba 2015 serikali ya awamu ya tano iliingia na mkasi mkononi. Safari za nje zilibanwa, semina na warsha za mahotelini zikakatwa. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, na safari hii ikahama kweli. Mgahawa haukuwa unauza kwa serikali moja kwa moja. Uliuza kwa watu waliokuja kuonana na serikali, na watu hao sasa walikuwa wanapanda ndege ya Dodoma, wanakula huko huko. Kampuni za madini nazo zilibana matumizi baada ya mvutano wa 2017 na serikali juu ya makinikia, yaani mchanga wa madini uliosafirishwa nje. Mchana wa Jumanne uliokuwa na watu ishirini na tano ukabaki na kumi, kisha sita.

Ijumaa na Jumamosi hazikuguswa. Kila rafiki wa Mama aliyepita Jumamosi alikuta hakuna nafasi, akamwambia, “Hongera, biashara inakwenda.”

*Mzee anaondoka Feri (2018).* Mzee alipata kiharusi. Alipona kiasi cha kukaa bustanini na kusalimia wageni, lakini mnada wa alfajiri haukuwezekana tena. Manunuzi yakahamia kwa msambazaji mmoja, mtu mzima wa Feri aliyefahamiana na Mzee kwa miaka, akawa analeta samaki mpaka mlangoni na kulipwa kila Jumatatu. Mali kauli, yaani mzigo kwanza fedha baadaye, hakuna karatasi. Mwanzoni mpango huu ulikwenda vizuri kabisa.

Hesabu zikaachiwa meneja, kijana mwaminifu ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuandika kilichoingia na kilichotoka. Kuuliza kwa nini kilitoka hakukuwa kazi ya mtu yeyote.

*Korona (2020).* Mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini Machi 16, 2020. Shule zilifungwa, na safari za ndege za kimataifa zikasitishwa Aprili mpaka Mei. Hapakuwa na amri ya watu kujifungia ndani kama nchi jirani, lakini wageni waliokuwa uti wa mgongo wa siku za kazi walirudi kwao, na wengi hawakurejeshwa na ofisi zao. Mama alilipa nusu mshahara kutoka akiba yake na hakumfukuza mtu. Ni jambo la heshima, na wafanyakazi walilikumbuka mpaka mwisho. Akiba nayo iliishia pale.

*Mkataba mpya wa pango (mwanzoni mwa 2023).* Pango lilikuwa dola 6,500 kwa mwezi. Dola ikiwa karibu Sh2,300, hiyo ni kama milioni 15. Mkataba wa miaka mitano ulipoisha, mwenye nyumba alitaka dola 7,500, na tena ziingie mkononi mwake zikiwa kamili. Maana yake kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo zamani ilikatwa kwenye fungu lake, sasa ikahamia kwa mpangaji, na gharama halisi ikawa dola 8,333. Kisha dola yenyewe ikaadimika. Kabla 2023 haijaisha ilikuwa imevuka Sh2,500, na kwa mtu anayeitafuta kwa haraka bei ya benki ilikuwa ya kusoma tu. Pango la milioni 15 likawa milioni 20, na katikati ya 2024 likakaribia milioni 22. (Machi 2025 zilitoka kanuni za kuzuia bei na malipo ya ndani kufanywa kwa fedha za kigeni. Kwa mgahawa huu zilikuja matanga yamekwisha.)

*Mkopo na ukarabati (katikati ya 2023).* Mama alikopa milioni 90 benki, riba asilimia 17, miaka mitatu, dhamana ikiwa kiwanja chake cha Bunju. Rejesho lilikuwa milioni 3.2 kwa mwezi. Fedha zilienda kwenye viti, taa, rangi, vyoo na kaunta mpya ya vinywaji.

*Mlango wa nyuma (2023–2024).* Malipo ya samaki ya kila Jumatatu yakawa ya kila baada ya wiki mbili, kisha mwezi, kisha “Mama akirudi kutoka benki”. Msambazaji hakugomba. Alipandisha bei tu. Kolekole aliyekuwa Sh14,000 kwa kilo kwa mnunuzi wa taslimu, mgahawa ukawa unaandikiwa Sh17,000. Alipoulizwa, alijibu kwa adabu zote: “Mama, heshima yako naijua, lakini kule mnadani dalali hapokei heshima.” Naye alikuwa anakopa kwa wengine ili amletee.

Nilisimama pale mlangoni asubuhi moja ya Februari 2024. Bodaboda ilishusha kiroba cha barafu na samaki. Mpishi mkuu, aliyekuwa jikoni mle tangu mgahawa unafunguliwa, alimwinua kolekole, akafunua shavu. Matamvua yalikuwa ya kahawia, si mekundu. Akamminya ubavuni kwa kidole gumba na shimo likabaki. Hakusema kitu. Akatenga wa mchuzi huku, wa kuchoma kule, na wa kuchoma walikuwa watatu tu. Nilimuuliza kwa nini harudishi. “Nikirudisha, kesho haleti,” alisema. Mteja anayedaiwa hawezi kurudisha mzigo, na msambazaji anajua hivyo. Samaki wa kwanza wa mnada walikuwa wanakwenda kwa wenye noti, na mgahawa wenye jina kubwa kuliko yote pale rasini ukawa unapata waliobaki.

Wateja wa zamani walianza kusema kwamba pweza si yule, kwamba kolekole amekauka. Wengi walidhani mpishi amebadilishwa, kumbe mpishi na mapishi yake vilikuwa vile vile.

Hesabu ya mwezi mmoja

Hii ni ya mwezi wa kawaida mwishoni mwa 2023. Wateja walikuwa 340 kwa wiki: 260 wa Ijumaa mpaka Jumapili, na 80 tu kwa siku nne za kazi. Linganisha na 2014. Wikiendi ilipoteza watu 40, siku za kazi zilipoteza 240.

Kati ya Sh65,000 anazoacha mteja, Sh9,915 ni kodi ya ongezeko la thamani (VAT), fedha ya TRA, mamlaka ya mapato, iliyopita tu kwenye droo. Mgahawa wa samaki una tatizo lake hapa: samaki wabichi na mboga havina VAT, kwa hiyo hakuna kodi kubwa ya manunuzi ya kupunguza, na karibu yote unayotoza unaipeleka. Zinabaki Sh55,085 kwa mteja, yaani kama milioni 81 kwa mwezi.

Chakula na vinywaji vilichukua asilimia 39, karibu milioni 31.6. Mishahara pamoja na michango ya mwajiri milioni 22. Pango milioni 20. Umeme, dizeli ya jenereta, gesi na maji milioni 7.5, mgao wa umeme uliorudi 2023 ulifanya jenereta ingurume karibu kila siku. Mengineyo, kuanzia leseni na ushuru wa huduma wa manispaa hadi dobi wa vitambaa vya meza, milioni 5. Hasara ni milioni 5 kwa mwezi kabla ya mkopo, na zaidi ya milioni 8 baada ya rejesho.

Sasa tazama ile asilimia 39. Wakati wa Mzee ilikuwa 33. Tofauti ya pointi sita kwenye milioni 81 ni karibu milioni 4.9, yaani takriban hasara yote ya kabla ya mkopo. Pointi hizo zilipotea kwa njia mbili. Moja ni bei ya deni kwa msambazaji. Nyingine ni menyu yenye vyakula 62, ambayo ililazimisha friza kujaa vitu ambavyo Jumatatu mpaka Alhamisi havikuwa na mlaji. Wizi haukukosekana, jiko gani halina, lakini nilipolinganisha stoo na bili ulikuwa mdogo kuliko walivyodhani.

Maamuzi na sababu zake

Ni rahisi kumcheka mtu ukiwa na vitabu vyake mezani na matokeo unayajua. Kila uamuzi wa Mama ulikuwa na mantiki siku ulipofanywa.

Alisaini pango jipya kwa sababu aliamini mgahawa ni nyumba ile na mikungu ile. Alikuwa ameona wengine wakihama na wateja wasiwafuate. Aliingia kwenye mazungumzo bila nyumba ya pili mkononi, na mwenye nyumba alijua.

Alikopa kwa ukarabati badala ya kulipa madeni kwa sababu benki ilipenda mpango wa ukarabati. Mchoro wa ukumbi mpya unaeleweka na afisa mikopo, ila deni la samaki lisilo na karatasi halieleweki. Na yeye mwenyewe aliona viti vilivyochakaa kila siku, wakati matamvua hakuyaona, kwa sababu maisha yake yote alikuwa upande wa ukumbi.

Alikataa kupunguza menyu. Wateja wa miaka kumi walikuwa na vyakula vyao, na kumwambia balozi mstaafu kwamba supu yake haipo tena ilikuwa aibu asiyoweza kuibeba.

Wa nne ni ule wa VAT. Ritani na malipo ni kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kuanzia Septemba 2023 fedha hiyo ilianza kutumika kulipa mishahara, kwa nia ya kuirudisha wikiendi ikiwa nzuri. Riba na adhabu zikaanza kuzaana. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo ikacheleweshwa: sehemu ya mfanyakazi imekatwa kwenye mshahara, haijapelekwa. Hili ndilo jambo pekee katika kisa hiki ambalo sikumtetea nalo, na yeye hakutaka kutetewa.

Kuna uamuzi mmoja ulioleta matunda. Aprili 2024 ulianzishwa mlo wa mchana wa siku za kazi: vyakula vitano tu, sahani moja bei moja, Sh25,000, kwa watu wa maofisi ya Masaki na Oysterbay wenye saa moja ya kula. Wali wa nazi, samaki wa siku, kisamvu, maharage ya nazi, na kuku wa kupaka Jumatano. Wateja wa mchana wakafika 38 kwa siku ndani ya miezi mitatu, na gharama ya chakula kwenye mlo ule ilikuwa chini ya asilimia 30, kwa sababu alinunuliwa samaki aliyekuwepo sokoni siku hiyo, na aliyepangwa kwenye menyu akaachwa. Wateja wakubwa wawili watatu wakanung'unika kwamba mgahawa sasa umekuwa wa mama ntilie. Maneno hayo yalimuuma sana Mama, naye akausitisha mlo ule Julai. Kwa maoni yangu ilikuwa sifa: mama ntilie wa Kariakoo anajua saa nane mchana kama leo amepata au amekosa, jambo ambalo mgahawa huu haukuwa ukilijua mpaka mwisho wa mwezi.

Kufunga

Uamuzi ulifanyika Agosti 2024, wiki moja baada ya mchoma samaki mkuu kuondoka kwenda hoteli moja mjini iliyolipa mshahara tarehe 28 kila mwezi bila kukosa. Wafanyakazi waliobaki walikuwa 27. Waliambiwa kwanza, kabla ya wateja, kwenye kikao cha Jumatatu asubuhi, na Mzee akiwepo kwenye kiti chake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za kibiashara atoe taarifa na kushauriana nao. Notisi ni siku zisizopungua 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka kumi. Maswali yalikuwa mengi kuhusu NSSF, machache kuhusu mengine.

Wiki iliyofuata tangazo lilibandikwa getini. Yakatokea ambayo mtu yeyote wa biashara hii angeyatabiri. Simu haikutulia, na meza zikajaa hata Jumanne. Watu walikuja na wazazi wao, wakapiga picha chini ya mikungu, wakamkumbatia Mama, wengine wakalia. Mauzo ya wiki hizo tatu za mwisho yalizidi ya miezi miwili ya kawaida.

Msambazaji wa samaki, akijua mgahawa unafungwa, alikataa mali kauli. Taslimu mkononi, kila asubuhi. Na kwa taslimu akaleta samaki wa kwanza wa mnada: kolekole wenye macho yaliyotokeza, matamvua mekundu, kamba kochi waliokuwa bado wanacheza kirobani. Mpishi mkuu alikuwa anaimba. Mteja mmoja wa siku nyingi alimwita mezani, akamuuliza kwa hasira kabisa: “Sasa mbona mnafunga na chakula kitamu hivi?”

Mauzo hayo yalilipa mishahara, notisi, likizo na viinua mgongo vya wote 27, pamoja na malimbikizo ya NSSF. Jenereta, friza na majiko viliuzwa, vikapunguza deni la TRA na la samaki. Mwenye nyumba alibaki na amana ya miezi mitatu, kisha wakakubaliana asimdai miezi iliyosalia ya mkataba, maana mpangaji mwingine alikuwa tayari. Kiwanja cha Bunju kiliuzwa kumaliza mkopo. Mama aliuza mwenyewe kabla benki haijakipeleka mnadani, akapata bei ya kueleweka.

Uchambuzi

*Kilichokwenda vizuri.* Kufunga kwenyewe. Wafanyakazi kuambiwa kwanza, haki zao kuwekwa mbele ya madeni mengine, kiwanja kuuzwa kwa hiari, na mgahawa kufungwa ukiwa bado unaweza kuuza. Nimeona wanaofunga kwa kufuli usiku, asubuhi wafanyakazi wako getini na kesi iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mwezi unaofuata. Hapa hakuna aliyekwenda Tume.

*Deni la msambazaji lilionekana la bure.* Halina fomu, halina dhamana, halina riba iliyoandikwa. Lakini ongezeko la Sh3,000 juu ya Sh14,000 ni asilimia 21, na deni hilo lilikuwa la mwezi mmoja hivi. Yaani mgahawa ulikuwa unakopa kwa asilimia 21 kwa mwezi upande wa nyuma, huku upande wa mbele ukikopa kwa asilimia 17 kwa mwaka kununua viti. Kama milioni 30 tu ya ule mkopo ingelipa deni la samaki na kubaki kama mtaji wa kununulia taslimu, bei ingerudi na ubora ungerudi pamoja nayo. Zile wiki tatu za mwisho ni ushahidi tosha.

Na gharama ya ubora haipo kwenye daftari lolote. Mteja wa Jumanne aliyepewa kolekole mkavu hakulalamika. Hakurudi tu, na ofisi yake ikahamia kwingine. Wa Jumamosi alisamehe kwa sababu ya kumbukumbu.

*Kodi na ushindani.* VAT na pango la dola ni mzigo kweli, lakini migahawa mingine ya rasi ile ilibeba mzigo huo huo. Kuhusu ushindani, nilitafuta dalili kwenye daftari la wikiendi, ambako migahawa mipya ingepaswa kuuma zaidi, nikakuta upungufu wa watu 40 kwa wiki katika miaka tisa. Huo si wa kuua mtu.

*Mama aliangalia siku isiyofaa kupimia.* Alipima biashara kwa Jumamosi, siku ambayo ukumbi ulikuwa mzuri na yeye akiwa mlangoni. Daftari la wateja kwa kila siku lilikuwepo muda wote, limeandikwa vizuri kwa mkono wa meneja, na hakuna aliyewahi kujumlisha Jumatatu mpaka Alhamisi peke yake. Pengo lilikuwa dogo kiasi cha kudanganya. Kwa gharama za wakati ule, kabla ya mkopo, mgahawa ulihitaji wateja 374 kwa wiki usipate hasara, ukapata 340. Watu 34 wanaonekana kama jambo la wiki mbili za bahati, na Mama aliwasubiri mwaka mzima.

*Siku nne badala ya saba.* Machi 2024 tulipiga hesabu nyingine. Kufungua Alhamisi mpaka Jumapili tu kungeacha wateja 280 kwa wiki, mauzo ya karibu milioni 67. Gharama ya chakula ikirudi asilimia 33 kwa menyu ya vyakula ishirini, zinabaki kama milioni 45. Mishahara ya watu pungufu, nishati na mengineyo ingekuwa milioni 24.5. Katika nyumba ile ile, faida ingekuwa sifuri kasoro rejesho la benki. Katika nyumba ndogo ya Mikocheni yenye pango la milioni 9 kwa shilingi, ingebaki zaidi ya milioni 11 kila mwezi, inayotosha kulipa benki na kumaliza deni la samaki kabla mwaka haujaisha. Hesabu hiyo ingewezekana pia Februari 2023, kabla ya kusaini pango, na wakati huo kiwanja cha Bunju kilikuwa hakijawekwa dhamana.

Mama aliisoma mara mbili. Akasema mgahawa wa hadhi haufungwi Jumatatu, wateja watadhani tumeishiwa. Mpishi mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni akisubiri fedha ya samaki, akamwambia watu wa Feri walishadhani hivyo tangu mwaka jana.